Jahazi na Jembe: Uhakiki wa Nasaba za Mabaharia na Wakulima wa Pwani

Mtu wa pwani akiulizwa asili yake, aghalabu huanza na chombo. Atasema babu yao alikuja na jahazi, atataja bandari aliyotokea, na pengine ataongeza idadi ya vyombo vilivyofuatana naye. Ni nadra kusikia nasaba inayoanza na jembe, ingawa chakula kilichowalisha hao waliokuja na jahazi kilitoka shambani, na shamba lilikuwako kabla nanga haijatupwa. Katika makala haya tumekusudia kuzihakiki habari za kale za miji yetu, hasa za Kilwa na Pate, zikiwa fasihi na zikiwa hati za ukoo kwa wakati mmoja. Tunataka kuona zimesema nini juu ya watu wa bahari, na zimenyamaza wapi juu ya watu wa konde.

Jambo lililotusukuma halikutoka vitabuni. Miaka mingi iliyopita, katika utumishi wetu serikalini, tulikaa kuwa mwandishi wa kumbukumbu katika shauri la shamba la minazi kwenye kisiwa kimoja cha pwani. Mdai wa kwanza alileta karatasi ya kale iliyoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, yenye majina 17 ya wanaume, kila mmoja bin fulani, hadi kufikia nahodha aliyetoka Shirazi. Mdai wa pili alikuwa bibi mtu mzima asiye na karatasi yoyote. Alipoambiwa atoe ushahidi wake aliinuka, akatutaka tumfuate, akaanza kuhesabu minazi. Huu aliupanda mama yake. Ule uliopinda aliupanda nyanya yake mwaka aliozaa pacha. Pale penye shimo palikuwa na mnazi wa mama wa nyanya yake, ukaanguka kwa tufani. Akatugeukia akasema, "Mwanangu, andika na hilo." Hatukuliandika, kwa kuwa halikuulizwa. Wazee wa baraza waliistahi sana ile karatasi, na karatasi ikashinda. Katika kumbukumbu tuliandika maneno haya: Mdai wa pili hana hati. Tangu siku ile hatukuweza tena kusoma habari za kale kwa moyo mtulivu.

Tuanze na Kilwa. Habari zake zimetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya Mreno João de Barros, aliyezitia katika kitabu chake Décadas da Ásia, ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapwa mwaka 1552, miaka 47 baada ya Wareno kuuteka mji huo. Ya pili ni ya Kiarabu, nayo huitwa Kitab al-Sulwa, iliyotungwa katika karne ya 16 na mtu wa Kilwa mwenyewe. Nakala yake alipewa John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, na Sultani Barghash mwaka 1877, ikaenda kuhifadhiwa London. Ya tatu ni ya Kiswahili, iliyosimuliwa na wenyeji na kuchapwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Wanahistoria waliipa heshima ile ya Kiarabu, wakaisoma ya Barros kwa kuilinganisha nayo, na ile ya Kiswahili wakaiweka nyuma kwa hoja kwamba ni changa na imechanganyika na ngano. Hoja hiyo ina uzito ikiwa tunatafuta tarehe. Lakini ikiwa tunatafuta watu, yaani nani alimzaa nani na juu ya ardhi ya nani, mpangilio huo hautufai.

Katika habari ya Kiarabu twaambiwa kwamba mfalme wa Shirazi aliota panya mwenye mdomo wa chuma akiutafuna ukuta wa mji. Akatambua kwamba nchi yake itaangamia, akaondoka na wanawe sita katika merikebu saba. Kila merikebu ikashika mji wake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzuwani, na nyinginezo kwingineko. Ni masimulizi mazuri. Ndoto, ukuta, panya, na idadi ya saba ambayo kila mtoto aliyelala kwa hadithi za bibi yake anaijua: mtunzi aliielewa kazi yake. Lakini katika masimulizi hayo kuna baba na wana sita, na hakuna mama hata mmoja. Wana wale ni kana kwamba walichongwa kutoka ubavu wa merikebu.

Barros ana mambo mengine. Kwake vyombo si saba bali viwili, navyo viling'oa nanga Hormuz. Wala sababu ya safari si ndoto. Ali, asema yeye, alikuwa mtoto wa mfalme kwa mama mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake waliozaliwa na mama wa jamii bora ya Kiajemi wakamdharau kwa ajili ya mama yake, hata akaona heri ahame. Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Ikiwa Barros alizipata habari zake kwa maandishi ya Kilwa, kama inavyoaminiwa, basi palikuwa na wakati ambapo watu wa Kilwa wenyewe walisimulia kwamba babu yao mkuu alikuwa na mama Mwafrika, na kwamba mji wao ulizaliwa kwa sababu ya dharau aliyotendewa mama huyo. Katika ile hati ya Kiarabu mama huyo hayumo kabisa. Hatuwezi kuapa kwamba alifutwa kwa makusudi. Lakini mhakiki anayelinganisha matini mbili na kuona katika moja mwanamke, na katika nyingine panya, ana haki ya kuuliza mmoja alikwenda wapi na mwingine alitoka wapi.

Matini zote mbili zakubaliana juu ya nguo. Kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, na ile ya Kiarabu yaongeza kwamba nguo zilizungushwa kisiwa kizima, na kwamba mwenyewe, ambaye alikuwa mwindaji na hakuwa Mwislamu, alihamia bara. Kisha wageni wakachimba mlango wa bahari uliokuwa ukikauka maji yanapokupwa, ili asipate njia ya kurudi kwa miguu. Lakini matini hiyo hiyo, karibu kwa kupitiwa, yasema kwamba wageni walipofika walimkuta kisiwani Mwislamu mmoja pamoja na watoto wake, na msikiti. Sentensi hiyo ndogo inatikisa dai zima la jahazi, kwani yaonyesha kwamba dini haikushuka na wageni wale, bali ilikuwako, na ina watoto. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamethibitisha jambo la namna hiyo mahali pengine. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya nane.

Sasa tuitazame ile ya Kiswahili. Hapa mwenye kisiwa ana jina na ana kabila: ni Mrimba, wa Wamachinga, na kabla yake wametajwa wengine waliokikalia kisiwa. Sultani Ali anafika, anatoa zawadi, kisha anaposa. Anamwoa binti wa Mrimba. Ni binti huyo anayemwendea baba yake kumweleza kwamba si vizuri mtu kukaa mji mmoja na mkwewe. Mrimba akataka nguo, zikatolewa, akahamia bara. Baadaye akajuta, akataka kurudi kwa vita. Mlango wa bahari ukazuiwa, si kwa majembe na sululu bali kwa kisomo na kafara. Naye mtoto aliyezaliwa na binti yule alipokua alimwendea babu yake bara, na babu akampa mjukuu mamlaka yake.

Watu husema hii ni ngano. Ndiyo, kisomo kilichozuia maji kupwa ni ngano, kama panya wa chuma alivyo ngano. Lakini tazama jinsi sheria ya mambo ilivyo imara ndani yake. Nguo peke yake haikutosha kumpa mgeni haki ya nchi. Mauziano yalimpa mahali pa kujenga. Haki ya kutawala ilipitia tumbo la binti, ikamfikia mjukuu kutoka kwa babu mzaa mama. Msimulizi wa Kiswahili, ambaye huenda alikuwa mkulima kama jirani zake, alijua jambo ambalo mwandishi wa mfalme hakutaka kulisema, kwamba jahazi halina nchi mpaka lioe. Kwa hukumu yetu hii ndiyo bora ya matini tatu kwa upande wa nasaba, ingawa ni ya mwisho kwa umri. Ila yake ni kwamba inamtwika binti lawama ya kumhamisha baba yake, kana kwamba hila ilikuwa yake yeye na si ya mumewe. Tunashuku kwamba hapo pana mkono wa waliofaidika na kuhama huko.

Turuhusiwe kupumzika kidogo juu ya sarafu, kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi. Sarafu za shaba zilizopigwa kwa jina la Ali bin al-Hasan zimeonekana Kilwa na Mafia, na zile za fedha zenye jina hilohilo zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Upande mmoja pana jina la mtawala, upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yametungwa yapate kina sawa na jina. Kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba kimebeba ubeti! Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alimweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Sarafu za Mtambwe, kwa kuwa zilizikwa pamoja na dinari za Kifatimi, zimemrudisha nyuma hadi karne ya 11. Basi Ali alikuwako. Kwamba alikuwako hakuna ubishi. Sarafu hata hivyo yasema bin, na haikuachiwa nafasi ya kusema mama.

Juu ya Pate tutasema machache. Habari zake zina matoleo kadhaa. Yanayojulikana zaidi ni ya Stigand ya mwaka 1913 na ya Alice Werner yaliyofuata, na asili yake ni kumbukumbu za Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani, kwani kitabu chenyewe husemwa kiliteketea Witu iliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Mwanzo wake ni ule ule: Mnabahani anafika mwaka 600 wa Hijra, yaani 1203 au 1204, anamwoa binti wa mfalme wa Wabatawi, na baba mkwe anampa ufalme. Chittick alizitilia shaka sana tarehe hizo katika makala yake ya mwaka 1969, nasi hatuna sababu ya kuzitetea. Linalotuvuta ni kwamba miji miwili iliyotengana kwa safari ya siku nyingi, na iliyokuwa na watawala wa nasaba mbalimbali, ilichagua kisa kimoja cha kueleza chanzo chake. Kisa kinachorudiwa namna hii si habari ya tukio moja tena. Ni umbo, kama utenzi ulivyo umbo, na kila ukoo uliotaka kujieleza ulitia maneno yake ndani yake.

Lugha yetu yenyewe imetunza hesabu nyingine. Mswahili ana neno nasaba, alilolipata kwa Waarabu, na hilo humwongoza kwa baba. Lakini anayo pia maneno mlango na tumbo kwa maana ya sehemu za ukoo, na ndugu wa karibu kabisa huwaita wa tumbo moja. Huko Makunduchi na Tumbatu, kabla ya mambo kubadilika, haki ya kulima katika ardhi ya kiambo ilifuata uzao wa wanaume na wa wanawake pia; na katika kisiwa cha Mafia, Pat Caplan alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 vikundi vya ukoo ambavyo mtu huingia kwa upande wa baba au wa mama, akapata kulima kwa wote wawili. Watumbatu ni mfano mwema. Ni mabaharia hodari, hakuna asiyejua. Lakini kisiwa chao hakina maji ya kutosha wala udongo wa kutosha, na kwa hiyo wamelima siku zote ng'ambo, katika ardhi ya Unguja. Baharia wa Kitumbatu ni mkulima aliyevuka mlango wa bahari. Ukiifuata nasaba yake kwa jahazi peke yake utapata nusu ya mtu. Kalamu, kwa kifupi, ilihesabu upande mmoja, na jembe likahesabu pande mbili.

Tunasema haya tukijua kwamba nasaba ni jambo la hatari, na serikali za kigeni zililifanya kuwa la hatari zaidi. Katika hesabu za watu zilizofanywa na Waingereza Unguja na Pemba mwaka 1924 na mwaka 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka mno, na hali watu wenyewe walikuwa pale pale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulifuata kabila, na mchele haukuwa wa kila mtu. Nani atamlaumu mtu aliyemkumbuka babu wa jahazini siku mchele unagawiwa? Mwalimu awaeleze wanafunzi wake kwamba hesabu ya watu nayo ni matini, ina mtunzi na ina msomaji aliyekusudiwa, na mhakiki aisome kama asomavyo utenzi.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale, miongoni mwake Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, wengi wao wakiwa wa miaka baina ya 1250 na 1800. Ilionekana kwamba katika wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, na hasa kwa upande wa kike. Asili ya Kiasia ilikuwa kubwa pia, nayo kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Na mchanganyiko huo ulianza kadiri ya mwaka 1000. Waliotudharau walisema Ushirazi ni uongo mtupu, na wengine wakasema miji hii ni kazi ya wageni. Wote wamekosa. Lakini sisi tulipousoma uchunguzi huo tulimkumbuka kwanza Mrimba na binti yake. Ile matini iliyoitwa ngano ndiyo iliyokuwa imesema hivyo tangu zamani, tena kwa Kiswahili. Tusiifanye hata hivyo sayansi hii kuwa kadhi wa mwisho, kwa maana wengi wa waliochunguzwa ni watu waliozikwa kwa heshima penye misikiti na makaburi ya mawe, na mtumwa aliyelima mtama kuwalisha haelekei kulala hapo. Tena mfupa hautaji jina.

Majina tutayatafuta wapi? Si katika habari za wafalme. Yamo katika maandishi yasiyo na fahari. Yamo katika hati za wakfu, ambamo wanawake wengi wa Unguja, wengine wakiwa wameachwa huru karibuni, waliweka nyumba na mashamba yao kwa majina yao wenyewe. Yamo katika kumbukumbu za makadhi juu ya mirathi na talaka. Yamo katika orodha za walioachwa huru baada ya amri ya Unguja ya mwaka 1897, na katika hati za uhuru zilizotolewa na Wajerumani bara. Majina ya humo hayana bin mbili wala tatu. Mara nyingi ni jina moja la siku au la tunda, na mtu anayeanza ukoo hapo anaona haya kuwasomea wanawe. Tungependa aone vinginevyo, lakini hilo hatuwezi kumwamuru. Lililo katika uwezo wetu ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba orodha hiyo ni hati ya kale sawasawa na Kitab al-Sulwa, na kwamba inataka msomaji mwangalifu zaidi, kwa kuwa aliyeiandika hakuwa na haja ya kuipamba.

Kazi ya darasani yaweza kuanzia karibu zaidi. Mwanafunzi akiambiwa aandike ukoo wake, na aandike mama wa kila mtu anayemtaja, atakwama mapema. Wengi hukwama kwa mama wa babu. Tumelijaribu jambo hili nyumbani kwetu, nasi tulikwama hapo hapo, mpaka shangazi yetu alipotuokoa kwa majina mawili na jina la konde.

Ile karatasi ya shauri tuliinakili wakati ule, kwa sababu faili lilihitaji nakala, na nakala ya pili tukabaki nayo kwa kupenda mwandiko wake. Tumeitoa juzi tulipokuwa tukiandaa makala haya, tukaisoma jina kwa jina kama tulivyopaswa kuisoma siku ile barazani. Pembeni mwa jina la tisa pana maneno manne ambayo katika karatasi ya asili yaliandikwa kwa wino mwekundu, nasi tuliyanakili kwa wino wetu mweusi pasipo kuyafikiri: akaoa kwa wenye kisiwa. Jina la mke halipo.